Hela za Juu ya Mto

Jumatatu, 2 Juni

Meneja wa hoteli yetu karudi kutoka semina. Tumekwisha. Kila akienda semina, wanaoumia ni sisi. Safari iliyopita alirudi na sheria ya kutabasamu — lazima meno yaonekane, hata kama umebeba ndoo ya kudekia choo. Safari hii kaja na sheria ya mto.

Katukusanya stoo ya mashuka, wahudumu wa vyumba wote, akawa anatembea mbele na nyuma kama jenerali. Hela ikikutwa juu ya mto wa kulalia ni bakshishi, chukua. Ikikutwa mahali pengine popote — mezani, sakafuni, bafuni — ni mali ya mgeni. Usiiguse, usiisogeze, ukifuta vumbi zunguka. Mto ndio sheria, kasema. Akarudia ili ituingie.

Tunajua imetoka wapi. Mwezi uliopita dada mmoja wa ghorofa ya kwanza alichukua noti kwenye meza ya kioo, akadhani kaachiwa. Mgeni akasema aliiweka pale ya kununulia maji. Dada wa watu akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Na maji yenyewe ni ya bure, yamo kwenye friji!

Nikauliza, je, wageni wameambiwa hii sheria? Meneja akanitazama kama nimemwomba figo. Wageni hawasumbuliwi na mambo yetu ya ndani, kasema. Sawa. Mchezo tunacheza watu wawili, sheria kaambiwa mmoja.

Nikashika mashuka yangu nikaanza kukunja. Mimi bado ni kibarua, na mwezi huu ndio anaamua kama nitaajiriwa rasmi. Mwaka wa tatu sasa naambiwa ni mwezi huu. Lakini safari hii kasema mbele ya watu, kwa hiyo nina matumaini, mjinga mimi.

Jumanne, 3 Juni

Mgeni mpya chumba cha mwisho koridoni. Mzee, yuko peke yake, ana kofia pana ya jua haivui hata ndani. Tumeshambatiza: Babu Kofia. Atakaa majuma mawili. Lugha yetu haijui, yake siijui. Mtu nadhifu — soksi zake kazikunja mbili mbili kwenye droo. Nimempenda kwa hizo soksi.

Na tipu kaacha. Wapi? Kando ya birika la umeme! Noti kaibana na kijiko isipeperuke. Sasa jamani, mtu anayebana noti na kijiko hajaisahau. Kamwachia mtu. Mimi najua, babu anajua, hata kijiko kinajua. Asiyejua ni meneja.

Nimefuta vumbi, nimezunguka.

Alhamisi, 5 Juni

Noti zimezaana. Kijiko kile kile.

Nimemsimulia mume wangu jioni. Yeye ni fundi friji, alikuwa kachuchumaa nyuma ya friji la jirani. Kacheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. Kasema, sasa tatizo liko wapi? Ubebe mto ukauweke pale kwenye birika, hela ilale juu yake, mchezo umekwisha. Nikamwambia nikifukuzwa nitakuja kulala humo ndani ya hilo friji lake.

Mwanamke mzima nibebe mto kuifukuzia hela chumbani! Ila sisemi uongo, leo niliupima kwa macho. Ungeenea.

Ijumaa, 6 Juni

Leo ni zamu ya wifi kuniharibia siku.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anahudumia mkahawani hapa hapa hotelini. Ndiye aliyeniingiza kazini, na hasahau kunikumbusha. Yeye tipu zinamfuata zenyewe. Siri yake ni kwamba anaonekana. Anashusha sahani, anauliza hali, anajua maneno ya chakula na ya hela kwa lugha sita. Palipobaki anajaza kicheko. Mimi ni jini. Wageni wanaacha kitanda vurugu, wanarudi wanakuta kimetandikwa, hawajiulizi. Wanadhani shuka zina adabu zake.

Kanivuta kando ya mlango wa jikoni. Wifi, yule babu wa kofia anakuulizia! Anasema kila siku anaweka hela hazichukuliwi, anaona haya, kasoma mahali kwamba huku kwetu watu wakipewa kidogo hukasirika. Anataka kujua mnapewa kiasi gani.

Nikashukuru Mungu. Ukamweleza habari ya mto?

Mto gani tena? Nimemwambia wifi yangu mtu wa hadhi, kidogo hagusi. Aongeze!

Nikamshika mkono. Wifi, nakuomba, rudi ukamwambie aweke juu ya mto. Akanitoa mkono, akacheka. Usiniharibie kazi, kasema, ndiyo kwanza anapanda. Mwache apande.

Kaenda zake anatikisa sahani. Na bado anategemea nimshukuru.

Jumapili, 8 Juni

Babu kapanda kweli. Kijiko kimeshindwa, sasa rundo limewekewa kikombe juu.

Halafu jambo jipya: kaanza kutandika kitanda mwenyewe! Shuka imelala upande, foronya kaivalisha ndani nje. Nikasimama pale na mashuka yangu mapya mkononi, nikaona uchungu kwelikweli. Mzee wa watu kainama na mgongo wake ule anahangaika na kitanda kwa sababu anadhani nimemsusia. Na mimi nimemsusia nini? Soksi zake?

Nikatandua, nikatandika upya. Nikamkunjia tembo kwa taulo — tembo wangu wa wageni wa heshima, mwenye masikio. Nikamkalisha juu ya mto, mkonga nikauinamisha mpaka ukagusa foronya. Mtu mwenye akili angeelewa.

Jumatatu, 9 Juni

Tembo kahamishiwa kwenye birika. Analinda hela.

Na balaa halikuishia hapo. Meneja kaja kukagua. Kaliona rundo, kaniuliza ni la tangu lini. Tangu Jumanne iliyopita, bosi. Na hujagusa? Sijagusa. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Nikaogopa atalia.

Akaita wahudumu wa ghorofa zote, akawapanga mbele ya birika kama watu waliokuja kumuaga marehemu. Tazameni! Huu ndio uaminifu! Wenzangu wakaniangalia. Mmoja akaninong'oneza, hivi we una wazimu?

Kuanzia sasa, kasema meneja, kila asubuhi saa nne atakuwa analeta kikundi kije kujifunza. Hela isiguswe, isisogezwe. Na mkataba wangu, kasema mbele ya watu wote, uko mezani kwake, umebaki kutiwa saini. Nitaupata Ijumaa, hapo hapo mbele ya lile rundo, iwe mfano.

Nimefurahi? Nimefurahi, nisijidanganye. Ningepiga kigelegele. Ajira rasmi, likizo ya malipo, matibabu! Lakini hebu nielewe vizuri. Naajiriwa kwa sababu sikuchukua hela niliyopewa. Na ili niajiriwe, babu lazima aendelee kuamini namdharau mpaka Ijumaa. Hii hotelini kwetu inaitwa huduma bora.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya ujinga.

Nilikuwa nasukuma toroli, babu akatoka chumbani, tukagongana mlangoni. Kavua kofia! Mara ya kwanza naona kichwa chake. Akaanza kuniomba radhi kwa mikono — anaonyesha birika, anajigusa kifua, anainamisha kichwa. Uso wake kama wa mtu aliyemkanyaga mtoto. Sikuweza kuvumilia. Mkataba nikausahau. Nikasema leo namwelewesha mwenyewe, bila wifi, bila tembo.

Nikasugua vidole: hela.

Nikamwonyesha kitanda.

Nikaunganisha viganja, nikaviweka chini ya shavu, nikafumba macho: mto.

Na kwa kuwa nimefunzwa na meneja wangu, nikatabasamu mpaka meno yote yakaonekana.

Nilipofumbua macho, babu uso umemwiva kama nyanya. Kofia kaivaa, kaivua, kaivaa tena. Akasema maneno mengi upesi upesi, akaondoka kwa ngazi, na lifti imemfungukia pale pale. Nikabaki mlangoni, viganja bado viko shavuni. Hapo ndipo nikajiona kwa macho yake. Hela. Kitanda. Kulala. Meno.

Mungu wangu!

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia mume wangu. Kacheka, kacheka, mpaka kakaa chini. Kisha akauliza, ulitabasamu vipi? Nikamwonyesha. Akainuka akaenda kupanga misumari ambayo ilikuwa imepangwa. Kuipanga huko ndiko kulikoniuma. Afadhali angegomba.

Nikamfuata wifi kabla hajaanza zamu. Nikamwambia yote. Kacheka kwa lugha zake zote sita. Nikamwambia leo hupandishi wala hushushi, unamweleza babu: mto, hela, basi. La sivyo mkataba wangu na ndoa ya kaka yako vyote mkononi mwako. Hapo akaacha kucheka. Sawa wifi, niachie mimi.

Saa nane akanipungia mkono kutoka upande wa pili wa bustani, dole gumba juu. Nikamkimbilia.

Umemweleza?

Nimemweleza kila kitu, ameelewa, kafurahi sana.

Mto unaitwaje kwa lugha yao?

Akaangalia pembeni. Hilo neno sina, kasema. Na godoro, unalo? nikauliza. Godoro pia sina. Lakini nilianza kumweleza tu, yeye mwenyewe akaniuliza kitu kirefu, kwa sauti ya chini, akakutaja, akaonyesha juu vyumbani. Nikamwambia ndiyo.

Ndiyo nini?

Ndiyo! Ndiyo, wifi atafurahi.

Sijaweza kula leo.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika haraka, niko stoo ya mashuka, nimekaa juu ya marobota. Mlango nimeufunga kwa ndani. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Nimegonga chumba cha babu kama kawaida. Kimya. Saa hizi huwa keshatoka na kofia yake. Nimefungua, nimeingia.

Kando ya birika hakuna kitu. Kikombe kimesafishwa, kijiko ndani yake.

Kitanda kimetandikwa, safari hii vizuri, foronya imegeuzwa inavyotakiwa. Na juu ya mto: hela. Zote! Zimenyooshwa moja moja, tembo kakalishwa juu yake. Kofia imetundikwa ukutani. Na bafuni maji yanatiririka. Babu yumo ndani, anaoga, anapiga mluzi.

Nimesimama pale nisijue pa kushika. Hela iko juu ya mto. Kwa sheria ni yangu, halali yangu, hata meneja akija na semina nzima. Labda babu kaelewa. Mzee mwenye soksi zile, kwa nini asielewe? Au labda kaelewa lile jingine, na mluzi ule ni wa hilo. Nikichukua, nimekubali nini? Nikiacha, nimemdharau mara ya mwisho. Na saa nne inakaribia, meneja anakuja na kikundi chake na mkataba wangu, kuonyesha rundo lililoko kwenye birika. Birika tupu!

Nikasema nizirudishe mezani. Lakini kuzirudisha ni kuzigusa. Nikasema niwahi kumwambia meneja. Nimwambie nini, kwamba babu kaziweka kitandani na sasa anaoga?

Hapo maji yakafungwa.

Sijui niliwaza nini. Labda sikuwaza. Nilisikia maneno ya mume wangu, ubebe mto, nikaubeba. Mto wote, na hela juu yake, na tembo juu ya hela, nimeunyoosha mbele kama sinia la mbele ya bibi harusi, nikatoka nao koridoni mpaka huku stoo. Hata noti moja haijadondoka. Toroli nimeliacha mlangoni kwa babu.

Sasa uko mapajani kwangu. Tembo ananitazama. Nataka iandikwe mahali kwamba hela sijaigusa. Nimegusa mto tu.

Namsikia meneja koridoni. Anawaambia wapange mstari, wanyamaze, leo kuna jambo la kihistoria. Ameleta hata wahudumu wa mkahawani. Kile kicheko ni cha wifi. Meneja anagonga kwa babu. Anafungua.

Babu anasema kitu. Meneja anasema samahani, samahani, samahani. Sasa kimya. Sasa wifi anaambiwa atafsiri. Kacheka kwanza.

Meneja anauliza kwa sauti, mto wa huyu mzee uko wapi? Na aliyekuwa na toroli hili yuko wapi? Wifi anasema, huyo atakuwa stoo, bosi, anapenda kukaa stoo.

Viatu vinakuja upande huu, vingi. Nimejaribu kusimama na mto umenikalia. Kitasa kinazunguka. Natabasamu.