Kusoma Gairo

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Likizo tamu! Baba kanichukua melini. Tulivuka feri asubuhi — Mama kanuna, ataka nibaki Likoni nijifunze kushona. Baba ndiye fundi wa gairo, dira ya umeme. Ndani yake mna gurudumu liendalo kasi mno. Chuma hakiivuti, hutafuta kaskazini ya kweli yenyewe. Lakini haitaki pupa. Ukiiwasha, waingoja saa nyingi mpaka itulie.

Jumanne, 12 Agosti
Mbwana, mpishi wa meli, hutandika mswala kwa kufuata gairo, maana huku kwetu kibla ni kaskazini. Leo kaswali kabla haijatulia. Baba akamwambia, "Umeelekea Mtongwe, kusini, bwana." Mbwana akajibu kwamba basi dhambi ni ya fundi. Akairudia swala, huku anacheka.

Alhamisi, 14 Agosti
Sijui niandikeje. Gairo ilikwisha kutulia. Meli imefungwa gatini na gati haligeuki, kwa hiyo namba ya gairo, yaani nyuzi za mwelekeo wa meli, lazima ilingane na ya ramani: 133. Mimi naona 133. Baba akasoma 138. Akafuta miwani, akasoma tena 138, akachukua bisibisi aifungue atafute kosa — na nzima kabisa!

Nikasema polepole, "Baba, ya mwisho ni tatu."

Akairudisha bisibisi. Kwenye feri akasema nisimwambie Mama, wala nahodha. Fundi asiyeona hapewi kazi.

Kumbe kanichukua kwa ajili ya macho yangu. Lakini mbona kanifundisha kila waya? Kusoma namba hakuhitaji waya.

Ijumaa, 15 Agosti
Naandika humu humu melini. Leo inaondoka. Nahodha Kefa kaja kukagua. "Haya fundi, nisomee."

Nilikuwa nyuma ya Baba. Ningeweza kumnong'oneza. Nilikwisha fungua mdomo.

Baba akavua miwani, akaitia mfukoni. "Nahodha, namba hizi sizioni sawasawa tena. Kazi naijua. Malak."

"Abee, Baba."

"Soma."

Moja, tatu, tatu. Nahodha akaangalia mwenyewe, akaangalia ramani, akaniuliza nani kanifundisha. Kisha akamwita Baba chumbani kwake. Mlango umefungwa.

Mbwana kaniletea chai, kakaa nami. Mle ndani wanazungumza bado. Sauti ya Baba naisikia, iko chini, haiombi.

Namba haijasogea.