Mshahara wa Bi Somoe

Jumatatu, 22 Mei 1950. Nachingwea.

Gari la maji halijaja tena. Bi Somoe, mtumishi wangu, amefua nguo za mwanangu Wakesho kwa maji aliyoweka akiba jana. Mimi nimekwenda zamu yangu ya uuguzi, wodi ya wazazi, na sare yenye vumbi jekundu mabegani. Matrekta ya mradi wa karanga yananguruma tangu alfajiri. Nimechoka na kelele hizi, nimechoka na nyumba hii ya bati, lakini nyumbani Taita sirudi. Tangu baba yake Wakesho afariki, hapana kinachoningoja kule ila shemeji zangu na maneno yao.

Jioni Mama Stella ameniita uani. Yeye ni jirani yangu, mke wa bwana stoo, wametoka Nyasa. Hakunisalimu vizuri.

"Mama Wakesho, umetuletea desturi gani? Zuhura wangu ananiuliza na yeye fedha zake ziko wapi."

Nikamjibu, mpe. Akacheka. Zuhura, mpishi wake, analipwa unga, makombo na magauni yaliyochakaa. Amefanya kazi hapo tangu masika ya mwaka jana.

Sikuomba kuwa mwalimu wa mtu. Mimi na Bi Somoe tulipatana siku ya kwanza: fedha taslimu kila mwisho wa mwezi, mkononi mwake mwenyewe, posho mbali, Ijumaa hafanyi kazi, saa kumi jioni anakwenda zake. Basi. Mimi mwenyewe nimeajiriwa katika nchi ya watu. Najua mtu anavyojisikia mshahara wake unapocheleweshwa na anaambiwa asubiri kwa adabu.

Alhamisi, 25 Mei

Bwana Kondo amenijia wodini. Ndiye msimamizi wa kota, ndiye atoaye vibali vya watumishi wa majumbani. Bila kibali hupiti getini.

Amenivuta kando, mbele ya wazazi wote. Amesema wakubwa wa nyumba wamelalamika. Nimeharibu bei. Kibali cha Bi Somoe kinakwisha Jumamosi na hatakitia sahihi mpaka nimlipe kama wenzangu wanavyolipa.

Nikamwambia wenzangu hawalipi.

Akasema, "Wewe ni mgeni hapa, dada. Mgeni hukaa alipowekwa."

Niliporudi kazini nikamwaga dawa. Bibi Mkuu wa wodi akanitazama. Nina hasira. Nina hofu pia. Nyumba ni yao, kazi ni yao.

Ijumaa, 26 Mei

Kutwa nzima nawaza. Nimepata njia. Kwa Bwana Kondo nitasema nimeshusha. Bi Somoe nitampa sehemu tu mbele ya watu, iliyobaki nitamtilia mfukoni humu ndani. Kila mtu atatulia. Sioni kasoro.

Jumamosi, 27 Mei

Amekataa.

Alikuwa anachambua mchele barazani. Nilimweleza polepole, Kiswahili chake si cha haraka, Kimwera ndiyo lugha yake. Nikadhani hakuelewa, nikarudia. Akaweka ungo chini.

"Nimesikia, Mama Wakesho. Wataka nipokee kwa kificho."

"Kwa usalama wako."

"Na Zuhura je? Ataambiwa Somoe kakubali kushushwa. Atakosa la kusema. Mie na yeye tunakuja njia moja asubuhi. Nitamwangaliaje?"

Nikamwambia Zuhura si mtumishi wangu. Akasema ni kweli, si mtumishi wangu. Akamaliza mchele, akaufunika. Akaaga. Kesho anapanda lori la Ruangwa, anakwenda kwao Nandagala, ufuta umeiva na dada zake wanavuna peke yao.

Nilimlipa mwezi mzima. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Wakesho alilia mpaka akatapika.

Nimemkasirikia. Nimejipendekeza kwa nani mimi? Nimegombana na kota nzima kwa ajili yake, naye ananiacha na mtoto na zamu ya asubuhi. Kiburi tu.

Jumatatu, 29 Mei

Zuhura hakuja kwa Mama Stella. Mfuaji wa nyumba ya pili hakuja. Wapishi wa kule juu hawakuja. Hakuna aliyetangaza neno, lakini habari za Bi Somoe zimewafikia. Getini hapana mtu.

Nimemfunga Wakesho mgongoni, nimekwenda naye kazini. Bibi Mkuu amesema leo tu.

Jumanne, 30 Mei

Leo pia nimekwenda naye. Ameangusha trei ya vyombo vilivyochemshwa. Nimeambiwa kesho nikija na mtoto nisivuke mlango.

Mama Stella anapiga kelele ng'ambo ya ua. Maharage yanaungua, harufu imejaa kwangu. Stella mwenyewe anachota maji, kitoto cha miaka sita. Mama yake amenitupia jicho, akatema mate.

Ijumaa, 2 Juni. Nandagala.

Nimeomba ruhusa. Juzi na jana mke wa mlinzi alinishikia mtoto kwa kunihurumia, hawezi tena.

Lori lilitoka asubuhi, limejaa magunia ya chumvi na wanawake wa Kimakonde waliokuwa wanaimba njia nzima. Wakesho alilala mapajani pangu, uso wote vumbi. Ruangwa nimeuliza njia dukani kwa Mhindi, nikaelekezwa Nandagala. Nimekwenda kwa miguu. Njiani nimejiandaa kusema mengi. Kwamba nitaongeza. Kwamba nitampa na khanga za sikukuu.

Nimemkuta shambani, ijapokuwa ni Ijumaa, ufuta hausubiri. Ufuta umesimamishwa mafungu mafungu ukauke, na mengine wameyalaza kwenye mkeka wanayapiga kwa fimbo. Punje zinaruka kama mvua ndogo. Dada zake wawili walinisalimu, wakaendelea. Bi Somoe akampokea Wakesho, akamfuta kamasi kwa upindo wa khanga. Akanipa fimbo.

Nikapiga ufuta nikiwa nimevaa viatu vyangu vya wodini.

Tulipokaa kula, ming'oko, mizizi ya porini ya huku, ya kuchemsha na chumvi, nikamwambia nitaongeza mshahara. Akatafuna kwanza.

"Sina ugomvi na mshahara wako. Ulinilipa vizuri. Sirudi peke yangu, basi."

"Unataka nifanye nini? Siwezi kumlipa Zuhura."

"Sikukuambia umlipe. Ongea na jirani yako. Wewe unaweza kubisha hodi kwake, ukaketi. Sisi tunasimama mlango wa jikoni."

Sikufurahi kusikia. Nilitaka kuwa mwajiri mwema peke yangu, nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Nilipenda vile wodini walivyosema, yule Mtaita anamlipa mtu wake. Ndivyo nilivyopenda.

Nitalala hapa kwa dada yake. Moshi unaniwasha macho. Siwezi kutulia. Kesho lori.

Jumapili, 4 Juni. Nachingwea.

Nimebisha hodi kwa Mama Stella. Alifungua akiwa na masizi hadi kwenye nyusi. Nilidhani atanifukuza. Aliniachia mlango, akarudi jikoni, nikamfuata.

Tuligombana kwanza. Aliniita mwenye kujidai. Mimi nikamwita mnyonyaji, neno nililolisikia kwa madereva. Stella akaanza kulia. Tukamgeukia wote wawili.

Ndipo akasema, akinipa mgongo:

"Unadhani fedha ninazo? Mwenzio unapokea mshahara. Mie baba Stella hajanipa hata senti ya chumvi mkononi. Chumvi analeta yeye. Sabuni analeta yeye. Nimpe nini Zuhura, kama si hayo magauni? Ni yangu. Nimeyavua mwilini."

Nilikaa kwenye gunia la mkaa. Mwaka mzima naishi karibu na mwanamke huyu, namdharau.

Tukatwanga mahindi pamoja. Mkono wake una nguvu kuliko wangu.

Jumatano, 7 Juni

Kelele kwa bwana stoo tangu jana. Leo Mama Stella amenisimulia, akicheka huku macho yamevimba. Mumewe amevaa shati lisilopigwa pasi siku ya kumi. Wazungu wake stoo wamemuuliza ana ugonjwa gani. Jana alidai chakula, mkewe akamwambia aulize mfuko wake. Mfuko ndio uliomfukuza mpishi. Mume akampiga kofi. Mkewe akamrudishia. Hajawahi kumrudishia. Wakatazamana kama watu wawili wasiofahamiana.

Asubuhi akaweka fedha mezani. Hakusema za nini.

Kisha, sijui kwa aibu au kwa njaa, akaenda mwenyewe kwa Bwana Kondo kufuta malalamiko yake. Wakuu wengine wa nyumba walikwisha kumwendea. Kwao nako wanakula maharage mabichi.

Alasiri Bwana Kondo amepita kwangu. Kibali cha Bi Somoe kimetiwa sahihi. Amekiweka dirishani, hakutaka kuingia.

"Mgeni," akasema. Akaondoka.

Nimetuma salamu Nandagala kwa dereva wa lori. Sina hakika kama atakuja.

Jumamosi, 10 Juni

Wamekuja wote wawili. Zuhura atalipwa fedha, pungufu ya Bi Somoe, lakini fedha, na Ijumaa nusu siku. Alitaka siku nzima. Mama Stella amesema wataona. Mfuaji wa nyumba ya pili hakurudi, amepata kazi reli. Wapishi wa kule juu wamerudi kwa unga uleule, mmoja tu ndiye amepandishiwa. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele.

Bi Somoe ameingia, ametazama sufuria zangu, akaguna. Akaanza kuzisugua.

Jumapili, 11 Juni

Ramadhani inaingia wiki hii. Bi Somoe amesema wakati wa kufunga atakuja mapema na kuondoka saa nane. Nimekubali. Nitamwomba Bibi Mkuu anibadilishie zamu. Akikataa, Mama Stella amesema Wakesho atacheza na Stella.

Kisha Bi Somoe akasema la pili, akikunja nguo. Mvua za kwanza zikinyesha, ataacha kazi kabisa. Dada zake wamempa upande wa shamba ulio karibu na mto. Anataka kulima mwenyewe, apande na mikorosho. Fedha nilizomlipa ndizo zitakazonunua majembe na kumlipa mtu wa kufyeka.

Mwezi uliopita ningeumia, ningeona nimetupwa. Nikamuuliza huyo wa kufyeka atamlipaje.

"Fedha," akasema. "Na Ijumaa apumzike."

Tukacheka.

Matrekta leo hayafanyi kazi. Upepo wa kipupwe unavuma, baridi kidogo. Wakesho amelala kwenye mkeka, mdomo wazi. Nimevua viatu. Sina pa kwenda mpaka kesho.