Maji ya Inspekta Ndimu

Mtani wangu Shomari,

Ulikuwa mwepesi. Hilo ndilo la kwanza ninalokulaumu. Miaka yote uliniita mpagazi, ukisema sisi Wanyamwezi tulikuja pwani kubeba pembe za watu tukasahau njia ya kurudi Tabora. Nami nikakuapia kwamba siku ukifa nitakubeba hadi makaburini huku nikilalamikia uzito wako njia nzima. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Nikaweka bega chini ya jeneza, nikainuka, yakakosa kazi. Pale kiwandani Chang'ombe nanyanyua marobota ya pamba kutwa, najua mzigo ni nini. Ule haukuwa mzigo wa mtu mzima.

Nakuandikia kwa sababu kuna uamuzi nimeufanya juu ya sauti yako, na safari hii huwezi kunikatiza.

Mtaani bado wanauliza habari za mchezo wetu. Kila Alhamisi jioni baada ya taarifa ya habari walizoea kutusikia redioni: wewe Inspekta Ndimu, mwenye majivuno na mchachu kama jina lako, na mie Sajini Togwa, mzembe anayeangukia ushahidi kwa bahati tu. Kila wiki tulimsaka mlanguzi wa sukari au mwizi wa duka la ushirika, na kila wiki tuligombea nani kamkamata. Watu wakaamini tunachukiana kwelikweli. Yule mama wa Keko alikataa kuniuzia samaki kwa kuwa nilikuwa namdharau mkubwa wangu. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na kikapu, ukamwambia amefanya vyema, kisha ukanunua samaki wangu na wako.

Na lile koti la mvua. Dar es Salaam, joto la kuchemsha maji, weye umevaa koti zito mbele ya kipaza sauti. Nikakuuliza nani anakuona redioni. Ukasema, "Sauti inajua imevaa nini." Nilikucheka mwezi mzima. Siku hizi naona ulikuwa sahihi, na inaniudhi kwamba sikukwambia.

Kikohozi kilianza kama mzaha. Unakumbuka tumejificha nyuma ya magunia, kwenye mchezo nasema, tunamvizia mwizi, na wewe unatakiwa unong'one. Ukakohoa. Kikohozi kirefu, cha kweli. Tepu ilikuwa moja tu na haikuwa na nafasi ya kurudia, basi nikarukia, "Afande, mwizi kashakimbia." Ndugu Mtayarishaji akaziba mdomo asicheke. Wiki iliyofuata watu hawakuzungumzia kitu kingine. Tangu hapo Inspekta Ndimu akawa hakamati mtu mpaka kikohozi kimsaliti kwanza. Watoto wa Temeke wakawa wanakukoholea njiani badala ya shikamoo, nawe unawajibu kwa kukohoa, wanakimbia wanacheka.

Ukaanza kukohoa hata pale pasipoandikwa kikohozi, mara mbili katika mchezo mmoja. Kisha leso. Nililiona doa, nawe ukaona kwamba nimeliona, ukaikunja leso ukaitia mfukoni mwa koti na kunionyesha kwa kidole mstari unaofuata. Tulipotoka nje nikakwambia tuache. Ukasema, "Mtani, hiki kifua kitaniua bure au kitaniua watu wakicheka. Kipi bora?"

Siku tunakupeleka hospitali kwa pikapu ya kiwanda ndiyo inayonitesa. Mama yako alikuegemeza kifuani mwake huko nyuma, anasema lile neno lake la kila ulipokohoa, "Mpeni maji, mpeni maji mwanangu," na hatukuwa na maji. Tulipopunguza mwendo pale penye foleni ya sukari ukakohoa. Foleni nzima ikageuka. Wakakutambua kwa kikohozi kabla ya sura, wakaangua kicheko, na mama mmoja mwenye kapu akapaza sauti, "Afande, mwizi kashakimbia!" Nawe, Shomari, ukainua mkono ukampungia. Nilitaka kushuka nikawapige watu wote wale. Hawakujua. Wamesimama tangu asubuhi kwa ajili ya nusu kilo ya sukari, na wewe ndiye uliyewachekesha siku ile.

Wodini ukaniagiza. "Msibani kwangu usije ukalia kama mpagazi aliyeibiwa mzigo. Fanya kazi yako ya utani. Na ukohoe, watu wanakitegemea."

Basi nilifanya. Mtani ana haki yake, hata shehe alisogea pembeni. Dada yako Zaina akanivika koti lako. Nikalala kizingitini nikazuia jeneza, nikasema Mzaramo huyu hatoki mpaka nilipwe kilo moja ya sukari. Mjomba wako akajibu kwamba marehemu mwenyewe kafa akiisubiri hiyohiyo, na watu wakacheka huku wanafuta macho. Nikasimama, nikatembea kama wewe, kidevu juu, nikasema kwa sauti yako kwamba namshitaki Sajini Togwa kwa kunizika bila kibali cha mkuu wake. Ilitoka yenyewe, Shomari. Nimekuiga miaka mingi kwa kukukera, sikujua kwamba nilikuwa najifunza.

Kisha uwanja wote ukatulia, wananitazama. Nikajua wanasubiri nini. Nikakohoa.

Hakuna aliyecheka. Kutoka chumbani, walikokaa wanawake, nikasikia sauti ya mama yako, Bi Tatu, ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekatizwa kazini: "Mpeni maji."

Zaina akatoka na kikombe cha bati. Nilikipokea na koti lako mwilini, nikanywa mpaka tone la mwisho, maana sikujua mtani anatakiwa kufanya nini hapo. Kisha tukakubeba.

Haikupita muda Ndugu Mtayarishaji akaniita. Habari za sauti ile zilikuwa zimemfikia. Akanieleza kwa upole, si mtu mbaya, kwamba Inspekta Ndimu hana haja ya kufa. Mie niwe Togwa na niwe Ndimu pia, nani atajua redioni? Sauti ninayo, kikohozi ninacho. Wananchi wana dhiki, alisema, tusiwanyang'anye na kicheko. Nikitaka kukataa basi mchezo wote unafungwa, na Togwa wangu anakwenda nao. Nikamwambia sauti si yangu, angoje nikamuulize mwenyewe. Akafikiri nimechanganyikiwa.

Nilimaanisha mama yako. Nilimkuta anachambua mchele kwa vidole, macho yake siku hizi hayamsaidii. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaokota chuya, akaitupa pembeni. Halafu akasema, "Siku ile nilijua ni weye, mwanangu. Mie si kichaa. Lakini mtu akikohoa hupewa maji, ndivyo nilivyozoea." Akaendelea kuchambua. "Sasa huko redioni akikohoa, maji nitampitishia wapi?"

Nilirudi kwa Ndugu Mtayarishaji nikakataa. Nikamwomba kitu kimoja: mchezo mmoja, mie peke yangu, halafu afunge akitaka. Akakubali, nadhani kwa kunionea huruma.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita Sajini Togwa aliwaambia wasikilizaji kwamba Inspekta Ndimu amefariki, na kwamba Inspekta ndiye aliyekuwa akikamata wezi wote, Togwa alikuwa anadandia tu. Ndiyo, nimekuachia sifa zote, ringa huko uliko. Halafu nikajificha nyuma ya magunia kumvizia mwizi, nikanong'ona, nikafika pale. Pale pako. Mdomo wangu ukasimama kwa mazoea, kiasi cha kikohozi chako. Nilijua kwamba nimeharibu tepu. Ndugu Mtayarishaji hakuikata.

Niliusikiliza mchezo nyumbani kwenu, uani. Zaina alikuwa ameanika betri za redio juani tangu asubuhi ili zitufikishe mwisho wa mchezo. Majirani walijaa mpaka barazani. Togwa akanong'ona, redio ikanyamaza, na hakuna aliyesogea. Mama yako akapapasa pembeni ya mkeka, akakipata kikombe, akakisogeza mbele ya redio akakiacha hapo. Ndipo nilipolia, kama mpagazi aliyeibiwa mzigo, nisamehe.

Ndugu Mtayarishaji anasema barua zinamiminika na mchezo hataufunga. Koti limerudi kwa Bi Tatu. Nami nakuahidi hivi: maadamu niko hai, katika mchezo ule hakuna atakayekohoa badala yako. Kila Alhamisi nikifika pale nitanyamaza, na kikombe kitakuwa mezani karibu na kipaza sauti, kimejaa.

Lala salama, Afande. Mwizi kashakimbia, mwache aende.

Mpagazi wako,
Kasanda