Khanga Juu ya Baraza

Jumatatu, 14 Julai
Nimefungua madirisha yote ya juu. La chumba cha mwisho limekwama, kama kawaida. Nimefagia kinyesi cha popo. Mjerumani aliyeijenga nyumba hii hapa Raskazone alijua mambo mawili: upepo na woga. Dari refu kwa sababu ya joto. Kuta nene za matumbawe kwa sababu yetu.

Mchana kaja msanifu kutoka Dar. Kijana mpole. Nyumba irudi ilivyokuwa siku ya kwanza, anasema. Kwenye mchoro wake, baraza la nyuma, ubavuni mwa jiko, limepigwa msalaba mwekundu. Libomolewe kabla ya Jumatano ya wiki ijayo, wageni wanakuja kuifungua nyumba.

Baraza lile alilijenga babu yangu Mbwana, mpishi wa nyumba hii, Waingereza walipofungasha virago. Binti yake, shangazi Mwanaidi, hukaa pale kila siku. Sijamwambia. Naogopa.

Jumanne, 15 Julai
Nimemwambia. Akasema, "Haya." Ndiyo mbaya hiyo. Shangazi akigomba, unapona.

Jumatano, 16 Julai
Fundi Eliya, Msambaa wa Lushoto, kaja na nyundo. Kamkuta shangazi kakaa. Shikamoo. Marahaba babaangu, kaa unywe chai. Mama wa umri ule humwambii ainuke alipokaa. Hata Lushoto hawamwambii. Fundi akanywa chai, akaondoka na nyundo yake.

Alhamisi, 17 Julai
Vile vile. Leo palikuwa na mihogo.

Ijumaa, 18 Julai
Mihogo na samaki. Fundi ananawiri. Msanifu kapiga simu, fundi kamjibu kazi inaendelea. Sikuuliza kazi ipi.

Jumapili, 20 Julai
Msiba Maramba, kwa binamu yake shangazi. Kaondoka alfajiri. Baraza tupu. Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 21 Julai
Si tupu. Shangazi kaacha khanga, kaikunja vizuri, kaiweka pale pale anapokaa. Nami jana sikuwa na moyo hata wa kwenda kutazama.

Fundi kaizunguka kama mtu aliyekuta nyoka. "Mimi sishiki nguo ya mama wa watu. Wewe mwanawe, itoe."

Kweli. Ni mimi tu ninayeweza. Na mshahara wangu unatoka kwenye nyumba hii. Nikaenda mpaka kwenye khanga. Inanukia udi. Nikakaa kando yake. Si ushujaa, kuitoa kulinishinda. Fundi akaweka nyundo chini, akakaa upande wa pili.

Msanifu katukuta hivyo. "Mnangoja nini?"

"Mwenye khanga," fundi akamjibu.

Kijana kasimama juani kitambo. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Kisha akaja kivulini, akakaa, mbali kidogo na khanga. Akapapasa ukingo uliolainishwa na makalio ya miaka yote ile. Akauliza chokaa ilichomwa wapi. Nikamwambia hapa hapa uani, babu aliichoma mwenyewe. Akatoa mchoro, akaufuta ule msalaba kwa kifutio. Haukufutika vizuri. Rangi nyekundu ina ubishi.

Jumanne, 22 Julai
Shangazi karudi. Kaikuta khanga alipoiacha. Hakumshukuru mtu. Akaikung'uta, akakaa, akauliza kwa nini fundi hajaletewa chai.

Jumatano, 23 Julai
Wageni wamekuja, wamepiga picha, wameondoka. Kwenye mlango wa mbele kuna kibao kipya chenye jina la Mjerumani, kirefu, herufi za dhahabu. Nyuma kuna kibao kidogo.

Jioni shangazi kaniita. Hajui kusoma. Kasema, nisomee.

Kimeandikwa: Baraza la mpishi. Basi.

Nikasoma: "Baraza la mpishi Mbwana."

Akasema, soma tena. Nikasoma tena.

Kesho nitatafuta rangi na brashi ndogo.