Mguu wa Kulia wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo baba mkwe amechomwa sindano kumi na mbili, zote mguu wa kulia. Si dawa ya kawaida, ni jeni – zinaingia kwenye nyama ziamshe mishipa mipya ya damu, maana ya zamani imeziba. Majaribio tu, daktari wa upasuaji kasema, hamwahidi mtu. Mguu wa kushoto nao si mzima, ila wa kulia una kidonda kisichofunga. Na huo ndio anaokanyagia cherehani! Miaka arobaini. Akiukosa atabaki anatazama ukuta. Mpiga picha wa idara ya mionzi hapa hospitalini ni mimi, kwa hiyo baada ya wiki kumi na mbili nitaiona mishipa hiyo kabla ya mtu yeyote.

Jumatatu, 26 Mei

CT skani. Picha za miguu, mtu huingizwa miguu kwanza. Mzee kakataa katakata: gauni la hospitali fupi, dirisha langu liko upande wa pili wa mashine, hawezi kumtolea mke wa mwanawe mapaja. Basi nikamgeuza, kichwa kwanza. Ni mfupi, kitanda kikatosha. Kichwa kikatokea upande wangu, macho kafumba. Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 28 Mei

Sijui nianzie wapi. Mishipa mipya ipo – kushoto! Kulia, hakuna kitu. Nimeangalia mara tano. Daktari mwenyewe kaduwaa. Kisha kasema kulia hakuna tena la kusubiri, kidonda kitamuua. Ijumaa saa tatu asubuhi wanakata, juu ya goti.

Baba mkwe hakumuuliza daktari. Kaniuliza mimi: "Umeona mwenyewe, mwanangu?"

Nimeona, baba.

Akatia sahihi.

Ijumaa, 30 Mei

Saa tatu na dakika ishirini. Benchi nje ya chumba cha upasuaji.

Tuko hapa na mama mkwe tangu saa mbili. Anaongea mfululizo, anaogopa kunyamaza. Kasimulia mumewe alivyopiga goti sakafuni akikata suti ya bwana harusi, sindano ikamvunjikia chini ya goti, ncha imo hadi leo. Nikauliza goti lipi, kwa kuuliza tu.

"La kushoto. Ukipapasa unaisikia."

Ncha hiyo nimeiona! Kidoa cheupe pe, nikadhani ni chokaa kwenye mshipa. Lakini kwenye picha kiko mguu wa kulia.

Nilimgeuza mzee, kompyuta sikuigeuza. Yenyewe bado inadhani kaingia miguu kwanza, na kwa hilo ndiyo inaandika kulia na kushoto. Kwa hiyo kulia yote ni kushoto, kushoto yote ni kulia. Mishipa imeota palepale alipochomwa. Mguu unaopona ndio niliousemea ukatwe!

Simu ya daktari imezimwa. Nimekimbia chini, nimerudi na picha na maelezo mistari miwili. Nesi kazipokea, kaingia, kafunga mlango. Dakika tisa sasa. Mama mkwe sijamwambia. Ananisugua mgongo, ananiambia nisilie, baba yenu ana roho ngumu.

Mlango umefunguka. Nesi yule yule, barakoa usoni, sioni kitu machoni mwake. Daktari anataka kujua nani alipiga picha hizi.

Mama mkwe kanitangulia kujibu, mkono begani kwangu, kwa fahari kabisa: "Huyu hapa. Mkwe wetu."