Mama wa Marehemu Amekuja Kudai Kitanda

Mpendwa Apa Sajida,

Wewe ni dada mkubwa wa sisi tusio na pa kusemea, na leo nimekuja kwako naomba msaada kwa sababu hata usingizi sipati, na kitanda ninacholalia ndicho kilicholeta maneno. Niliolewa mwaka jana hapa Faisalabad na Tanveer, anafanya kazi kwenye mashine za kufuma vitambaa, na mke wake wa kwanza, Nighat, alifariki kwa moto jiko la mafuta ya taa lilipomlipukia, basi walipokuja kuniposa mama yake Tanveer alimwambia kaka yangu, "Mwanangu, sisi hatutaki vyombo vya bibi harusi, hata kijiko, nyumba imejaa, tupeni binti tu," na kaka, ambaye anaendesha rikisha na ndiye baba yetu tangu baba afariki, alilia kwa furaha maana kitanda na kabati vya kunipeleka navyo kwa mume kama wenzangu angevitoa wapi.

Tukahamia vyumba viwili vya kupanga, mimi na mume wangu na mama mkwe, na Apa, ilikuwa nyumba yangu ya kwanza nikaipenda, nikashona mapazia kwa mashuka yaliyochakaa, nikapata viti vya plastiki vya mtumba, kimoja mguu umeungwa kwa waya, lakini kitanda, kabati, cherehani na sanduku la bati lenye mablanketi vyote ni vya Nighat, alipewa na baba yake. Nilipotaka tununue jiko mama mkwe akasema, "We binti, hela unaziokota? Jiko la marehemu si lipo stoo, zima kabisa!" na kweli ni zima, halina hata alama, labda walilitengeneza, ndilo ninalopikia mpaka leo.

Sasa juzi mama yake Nighat amekuja, kasimama mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Mdogo wake Nighat anaolewa baada ya Idi na sisi tumebaki hatuna kitu. Nipe kitanda na kabati la mwanangu." Tanveer akatoka akamfokea, "Maiti halali kitandani, bibi, nenda zako!" na yule mama kabla hajaondoka akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wameshawaomba pikipiki? Sisi walituomba." Nilishtuka, kwa sababu tangu Ramadhani mama mkwe kila nikimpelekea chai ananiambia, "Kaka yako kapanda rikisha mpya, mwanangu anakwenda kiwandani kwa miguu, huoni haya?" na Tanveer naye siku hizi hanisemeshi ila kuniuliza kaka amesemaje.

Je, Apa, nitoe kitanda? Nikitoa tutalala chini, na watasema nilikuja mikono mitupu halafu nikaimaliza nyumba, nisipotoa naogopa machozi ya yule mama, na mama yangu mzazi anasema nifunge mlango nisijitie katika mambo ya watu wala nisifikirie kurudi kwake, watu watasema. Usinijibu kwa posta, nitalisoma gazeti kwa jirani.

Shumaila

Mdogo wangu,

Majina nimeyabadilisha yote, na mji pia. Ukijitambua usipige kelele. Soma mpaka mwisho, kisha mrudishie jirani gazeti lake.

La kitanda ni jepesi. Vyombo vya bibi harusi ni mali yake mwenyewe, na akifa mume ana fungu lake na wazazi wana fungu lao. Mumeo amemfukuza mwenye haki. Ungeniuliza hilo tu ningekwambia mrudishieni, mlale kwenye mkeka kama walivyoanza wengi wetu.

Lakini soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Umesema jiko lilimlipukia Nighat. Kisha ukasema jiko hilohilo ni zima, halina alama. Jiko lililolipuka na kuua mtu halipikiwi chapati, Shumaila! Mimi sikuwepo, wewe hukuwepo, na simhukumu mtu kwa barua. Lakini familia ile iliombwa pikipiki, binti yao akaungua, na sasa pikipiki inaombwa kwenu, na wewe unanihesabia mapazia. Nimekukasirikia. Halafu nimekaa na barua yako nikalia.

Sasa fanya hivi. Usiulize lolote kuhusu jiko, wala usiliguse zaidi ya kupikia leo. Kesho sema mama yako anaumwa, uende ukamtazame. Dhambi ya uongo huo niachie mimi. Chukua kitambulisho chako, karatasi ya ndoa, na nguo unazoweza kuvaa juu ya nyingine. Usibebe sufuria wala pazia, maana mwenye kubeba vyombo huulizwa anakwenda wapi. Ukifika, mweleze kaka yako uso kwa uso, si kwa simu, kisha muende pamoja kwa mama yake Nighat mumwambie jiko liko wapi na likoje. Yeye na mwanasheria watajua la kufanya nalo. Mimi nimeacha jina la mwanamke mmoja wa sheria hapa ofisini, hataki malipo, uliza kwa jina langu.

Wakwe zako watakuja kukuchukua, na wazee, na peremende za kuomba radhi, na mumeo akilia. Usirudi.

Na mama yako atasema watu watasema. Ni kweli, watasema: binti wa fulani kaachika, karudi nyumbani hata kijiko hana. Mwambie amtafute mama yake Nighat amuulize angetoa nini leo ili asikie watu wakimsema binti yake hivyo.

Apa Sajida