Vikombe Vinne kwa Karatasi Moja

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia mbele za watu, maana wewe hukuwahi kuona haya kusema mbele yao. Wiki iliyopita bwana mmoja msomi alinitukana mkutanoni. Alisema makala zangu zinasomeka na kila mtu, hata muuza nazi. Watu wakacheka. Nikasimama nikamshukuru kwa moyo mmoja, naye akadhani namkejeli. Hakujua kwamba sifa ile nimeitafuta maisha yangu yote, na kwamba aliyenituma kuitafuta ni wewe, katika darasa la watu wazima pale Kariakoo, miaka ile tulipokuwa tunaitana "ndugu" kuanzia mpanga foleni mpaka waziri.

Tulipanga vyumba viwili kando ya Mtaa wa Msimbazi. Asubuhi mimi nilikwenda Posta, kwenye ofisi iliyotayarisha vipeperushi vya afya, ambako nilikuwa mhariri wa kuweka nukta na mkato. Neno la mtaalamu halikuguswa. Wewe asubuhi ulifundisha watoto, na alasiri ulirudi kwenye chumba kile kile kuwafundisha kina mama, waliobanana kwenye madawati ya watoto huku magoti yakikaribia kidevu. Walikuwa wamekwisha kujua kusoma. Ulikuwa ukijivunia jambo hilo hata dukani, mbele ya watu wasiokuuliza.

Masika yalipokaribia, ikaletwa mezani kwangu karatasi ya kuhara. Wewe unajua, lakini wanaosoma barua hii wengine ni vijana, acha niwaeleze. Kila mvua ziliponyesha, watoto wa bondeni kwetu waliharisha, na wengine walikufa kwa kuishiwa maji mwilini kabla hawajafikishwa hospitali. Karatasi ilitakiwa imwoneshe mama jinsi ya kutengeneza nyumbani maji ya sukari na chumvi, ampe mtoto wakati anatafuta usafiri. Lakini chumvi ikizidi, kinywaji hicho hicho kinamuua. Na karatasi ilisema: "Mgonjwa apatiwe myeyusho wenye uwiano sahihi wa sukari na chumvi katika maji salama ya kiasi cha kutosha."

Mkuu wetu wa idara alikuwa ameshaipima. Alirudi na kanuni kutoka masomoni ng'ambo: unahesabu maneno ya andiko zima, unapiga hesabu zako, inatoka alama. Maneno yakiwa machache, andiko ni jepesi. Karatasi ile ilipata alama nzuri mno, ikasubiri kwenda kwa mpiga chapa. Nilikuletea nakala nyumbani. Ukaisoma umesimama kando ya jiko, mwiko mkononi.

"Nani kaipa alama?"

"Mkuu. Kwa kanuni."

"Na aliyeisoma ni nani?"

"Hajaisoma mtu bado, dada. Imepimwa tu."

"Kwa hiyo karatasi imefanya mtihani yenyewe, ikajisahihishia, ikajipigia makofi. Niachie hiyo. Na kesho uje darasani."

Nilikuja. Mlangoni ukanionya: "Ole wako uwaulize kama wameelewa. Ukimuuliza mtu mzima kama ameelewa, umemwomba akustahi. Na atakustahi." Hilo silisahau hata nikiumwa. Sisi hatumwaibishi mwalimu. Tutaitikia ndiyo mpaka kaburini.

Wakaisoma kwa sauti, mmoja mmoja, bila kukwama. Bibi Somoe, yule mzee wa Lindi aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, aliusoma "uwiano" kama anatangaza redioni. Nilitaka kupiga makofi. Wewe ukasema, "Vizuri sana. Sasa tengenezeni," ukawagawa makundi manne, kila kundi na kona yake, sufuria yake na maji yake. Sukari walikuja nayo wenyewe, kila mtu kidogo kwenye kipande cha gazeti. Na sukari ya siku zile tunaijua.

"Mwalimu," Bibi Somoe akalalamika, "hii nimeisimamia foleni mpaka miguu ikavimba. Leo niiharibu kwa ajili ya karatasi?"

"Bora uiharibu hapa, bibi, kuliko nyumbani kwa mjukuu."

Vikaletwa vikombe vinne mezani, ukaniamuru nionje. Cha kwanza kilikuwa kitamu kama sharubati ya harusi. Cha pili, cha kundi la Mama Aikaeli, mwenye duka la vitambaa, kilikuwa maji matupu. Cha tatu kilitiwa ndimu, eti ipate ladha. Cha nne kilinishika koo, macho yakanitoka.

"Bibi Somoe! Umetia chumvi gani hii?"

"Ya kutosha! Si mmeandika wenyewe? Mie nakaanga samaki tangu hujazaliwa, ukiniambia chumvi ya kutosha naijua!"

"Mtoto ukimpa hiyo anakuwa samaki ng'onda wa chumvi," akasema Mama Aikaeli.

"Na ninyi watu wa Kilimanjaro je? Sukari mmeionesha maji, mkairudisha mfukoni!"

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Ulikinyanyua kikombe cha nne, ukangoja mpaka pakawa kimya. "Mtoto huyu amekufa," ukasema. "Na mama yake anajua kusoma."

Mle ndani walikuwamo waliokwisha kuzika. Bibi Somoe akakaa taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Basi mtuandikie vizuri, mwalimu." Ndipo nilipojua kazi yangu ni nini hapa duniani. Nukta na mkato wangeweza kuweka wengine.

Kesho yake ulivimimina vikombe vinne kwenye chupa nne, ukapanda basi pamoja nami mpaka Posta. Nilikuomba usiende. Neno la Mkuu lilisikilizwa wizarani, na mwalimu mwenye mdomo siku zile alipangiwa mkoa wa mbali kabla chai haijapoa. Ulinijibu kwamba na huko mbali kuna watoto wanaharisha.

Ukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndugu mwalimu, kanuni hii inatumika dunia nzima."

"Dunia nzima haijaonja, Ndugu Mkuu. Onja wewe."

Hapa lazima nimtendee haki. Alikuwa mtu wa kujivuna, lakini alikunywa, chupa moja baada ya nyingine, hata ile ya nne, na hakutema. Akainua karatasi. "Zote zimetoka humu?"

"Humo humo. Na saini yako ipo chini."

Akatazama kalenda ukutani. "Jumatatu inakwenda kwa mpiga chapa."

"Basi tuna mpaka Jumatatu."

"Lakini mwalimu, unataka taifa zima tuliandikie kama watoto?"

Dada, jibu lako ndilo nililobeba kwenye kila ugomvi wangu wa kalamu tangu siku hiyo. Ulimwambia: "Mtoto ndiye mgonjwa. Mama yake ni mtu mzima, namwandikia ili afanye. Wewe umemwandikia ili astaajabu."

Akasema nendeni mkajaribu, lakini atakuja kuona mwenyewe, na asiporidhika itachapwa ile ya kwanza.

Tukaandika, darasa likapika, tukaonja, tukafuta. "Uwiano" ukaondoka, "myeyusho" ukaondoka, "kiasi cha kutosha" kikafukuzwa kama mwizi. Tulipouliza maji yapimwe kwa chombo gani, mtu akataja chupa ya bia. Bibi Somoe akaruka: "Bia kwangu haiingii, hata tupu!" Tukahamia chupa za soda. Tukaandika kijiko cha chai, tukadhani tumemaliza, vikombe bado vikatofautiana. Wewe ndiye uliyeona kwa nini. Kariakoo nzima hakuna anayekubali kipimo cha bapa. Mchele, dagaa, maharage, chombo kisipokuwa na kilele mnunuzi anaondoka zake. Kijiko kwa kina mama wale kilikuwa na mlima, na wa kila mmoja ulikuwa na urefu wake. Mama Aikaeli akatupa sentensi: "Kijiko kisiwe na mlima, pitisha kidole juu kiwe sawa." Hakuna mtaalamu aliyekuwa ameiwaza, na mimi pia sikuiwaza. Tuliipata kwa sababu wewe ulikataa kuamini karatasi mpaka uione mikononi mwa mtu.

Jumamosi Mkuu akaja na suti yake ya mikono mifupi, akajibana kwenye dawati. Ulileta wanawake wa darasa jingine, ambao hawakuwa wameiona karatasi wala kusikia habari zake. Wakasoma. Wakapima. Hukuwaelekeza kwa lolote, ila nilikuona ukishikilia ukingo wa meza. Vikombe vinne vikawekwa mbele yake, akaonja, akarudia kuonja, akabadilisha nafasi zake ili atukamate. Hakuweza kuvitofautisha. Akatoa kalamu akaipima karatasi yetu kwa kanuni yake, na kwa kuwa maneno yetu yalikuwa mengi zaidi, alama ikashuka chini ya ile ya kwanza. Akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni. "Ichapwe hii," akasema.

Ulitoka nje ya darasa ukapiga kigelegele peke yako, mwalimu mzima, watoto waliokuwa wakicheza uwanjani wakakushangaa.

Tangu siku hiyo nimegombana na watu wengi, dada. Nimegombana na wanaoandika sheria ambazo mwenye nyumba anaelewa na mpangaji haelewi. Nimegombana na waandishi wenzangu wanaovuruga maji ili yaonekane na kina. Nimeambiwa naishusha lugha. Nawajibu kwamba kuandika neno gumu ni kazi ya dakika moja, ila kuandika kijiko kisicho na mlima kulitugharimu juma zima, sukari ya foleni, na dada mmoja aliyekuwa tayari kuhamishwa. Andiko likimshinda msomaji, wa kwanza kuhojiwa ni mwandishi. Naona fahari kuitwa mwandishi wa muuza nazi. Na muuza nazi ana watoto.

Kuna jambo moja hukuliona, kwa kuwa lilitokea kwenye matanga yako. Mtoto wa mgeni mmoja alianza kuharisha. Nikaingia jikoni kutafuta msaada, nikakuta binti wa jirani, hata miaka ishirini sidhani kama ametimiza, ameshachanganya maji na anamwelekeza mwenzake: "Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri kidogo, halafu mpe tena. Usiache kumnyonyesha." Ni sehemu ya mwisho ya karatasi yetu, neno kwa neno, kwa mpangilio ule ule tuliobishania wewe na mimi mpaka ukanirushia chaki.

"Umeisoma wapi hiyo, mwanangu?" nikamuuliza.

"Kuisoma?" Akanitazama kama mzee aliyechanganyikiwa na msiba. "Mjomba, hayo kila mtu anajua!"

Nilirudi barazani nikakaa na wanaume wenzangu, kifua mbele, mpaka mmoja akauliza kama nimepewa cheo.

Karatasi ile haikuwa na jina lako wala langu. Leo hawakumbuki hata kama iliwahi kuandikwa. Wanadhani wamezaliwa nayo. Bwana yule msomi wa mkutanoni, na vyeti vyake vyote, hajafika hapo, na hatafika. Wewe umefika.

Pumzika, dada.

Mdogo wako, yule mbishi.